Nywele Zilizosahau Kurudi

Kazi yangu ni kushona yunifomu za shule, na nusu ya kazi hiyo ni lastiki. Kaptura za mazoezi, sketi za wasichana wadogo, suruali za watoto ambao mama zao wanaagiza kubwa ili zivaliwe miaka mitatu: zote zinakaa kiunoni kwa lastiki. Nikienda sokoni, jambo ninalolifanya mara mbili kwa mwezi na kwa manung'uniko, sichukui lastiki kabla sijaivuta. Nashika ncha mbili, navuta, naachia, natazama. Ikirudi yote, nachukua roli nzima ilivyoviringwa. Ikirudi nusu, namrudishia muuzaji pamoja na jicho ambalo amekwisha kulizoea. Pale sokoni wananiita Mama Vuta.

Nalisema hili mapema ili msomaji ajue kwamba mtu aliyeziharibu nywele zake kwa namna nitakayoieleza hakuwa mgeni wa jambo lenyewe. Nilikuwa fundi wa vitu vinavyovutika na kurudi. Tena nina diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, sehemu ya biochimie, niliyoipata kwa asilimia hamsini na moja. Yaani serikali ilithibitisha kwa muhuri kwamba nusu ya mambo nayajua, na kidogo cha juu.

Kitu kingine cha kujua ni kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Watu nawapenda sana, hasa wakiwa wanapita nje ya ua na mimi niko ndani. Nakaa Mangobo, hapa Kisangani, katika lupango, yaani kiwanja na nyumba, ya marehemu baba, cherehani yangu iko barazani, na kila ninachokihitaji katika dunia hii kiko umbali wa hatua kumi na mbili. Mdogo wangu husema kwamba mto ukija kufurika, mimi nitakuwa wa mwisho kuondoka, na nitaondoka na kiti.

Huyo mdogo wangu ndiye aliyekuwa anaolewa.

Baba yetu alikuwa mtu wa mto, Mkristo wa kuimba kwa sauti. Mama alikuwa binti wa Waislamu wa zamani wa mji huu, watu ambao babu zao walikuja kufanya biashara wakasahau kurudi. Sisi watoto tulikua tukila sikukuu zote bila ubaguzi. Lakini arusi ya binti ni jambo la upande wa mama, na upande wa mama wana desturi yao ya nywele.

Iko hivi. Siku moja kabla ya bibi arusi kutolewa mbele ya wakwe, anasukwa kwa uzi mweusi pamoja na dada atakayemtangulia. Roli ya uzi ni moja, na uzi haukatwi. Msusi anamaliza kichwa cha dada, anauvuta uzi bila kuugusa kwa mkasi, anaingia nao kwenye kichwa cha bibi arusi. Mchana mzima mnakaa mmefungana kama mbuzi wawili wa sikukuu. Kesho yake dada anatoka wa kwanza, kichwa wazi, asimame mbele ya wakwe wamtazame wanavyotaka, maana katika kichwa chake wanasoma nyumba hiyo inawatunza watu wake namna gani. Wakiridhika, bibi arusi anatolewa.

Uzi ukikatika katikati hakuna anayekufa. Hakuna laana. Ila wanawake wa familia watalisema jambo hilo kwa miaka ishirini, na laana ingekuwa nafuu.

Msusi ni mama mukubwa, dada wa mama yetu, na ana sheria mbili: hasuki nywele za dukani, na hatazami perruque, zile za kuvaliwa kama kofia. Na dada wa kutangulia nilikuwa mimi. Hakukuwa na mazungumzo. Mama alifariki mdogo wangu akiwa na miaka tisa, na tangu siku hizo mimi ndiye niliyemsuka kila Jumapili jioni, vibaya, mistari ikienda kushoto na kulia kama njia ya Banalia wakati wa mvua. Alikuwa ananiambia tangu akiwa mdogo kwamba siku ya arusi yake tutakaa pamoja kwenye uzi. Katika arusi yote, hicho ndicho kitu pekee alichoniomba.

Basi wiki sita kabla ya arusi nikaamua kujiremba.

Nilikuwa nimeingizwa katika kundi la simu la wanawake wanaopenda nywele. Mtu wa nyumbani akipewa simu hahitaji tena adui. Humo kulikuwa na dada mmoja wa Kinshasa ambaye nywele zake zilimwagika mgongoni kama mvua kutoka paa la zinki, na kila asubuhi alituambia sisi wengine kwamba tunajichelewesha. Wiki tatu nyuma nilikuwa nimekwisha kupaka ile dawa ya kunyoosha nywele tunayoiita défrisant. Pakiti inasema usirudie kabla ya miezi kadhaa. Niliisoma. Nilielewa kila neno, Kifaransa chake kilikuwa chepesi. Kisha nikajiambia kwamba maagizo yale yameandikwa kwa ajili ya watu ambao hawakusoma biochimie.

Nikapaka tena, kichwa kizima, kutoka shina mpaka ncha. Asubuhi hiyo maji yalikuwa yanatoka bombani, na hapo ndipo lilipo kosa ambalo ni mtu wa Kisangani tu anaweza kulifanya: miaka yote nimelaani bomba lile, halafu siku niliyo na moto kichwani nikaliamini. Dakika ya kumi na mbili nikafungua. Likakohoa. Likatoa upepo, tone moja, na ukimya.

Bidoni zangu zote za kuwekea maji zilikuwa tupu kwa sababu bomba lilikuwa linatoa.

Nikatoka nje ya lupango kwa miguu yangu mwenyewe, jambo lililotosha kuwashtua majirani kabla hawajaona kichwa. Kwenye kisima cha avenue, mtaa wetu, bidoni za njano zilikuwa zimepangwa mstari mpaka kwa tonton mmoja, mzee anayetengeneza baiskeli za toleka, zile za kubeba abiria. Tonton huyo, kwa kuwa karakana yake inatazamana na kisima, amejifanya msimamizi wa mstari, na hakuna aliyemchagua wala anayeweza kumtoa. Nikamweleza shida yangu. Ilikuwa inaonekana: kichwa cheupe kama keki.

"Mama, kila mutu na zamu yake," akasema. "Lakini shida yako iko shida. Donc tuulize watu."

Akauliza watu. Sijawahi kuona mkutano mzuri kama ule. Ingekuwa si kichwa changu ningekaa kusikiliza. Mwanamke mmoja alisema moto ni moto, mtu anayeungua apite. Mwingine akajibu kwamba urembo si ugonjwa, yeye ana mtoto mwenye homa nyumbani na amekaa kwenye mstari tangu saa mbili. Wa tatu alitaka kujua kwanza dawa ni ya aina gani, maana kuna ambazo haziunguzi. Mwalimu mmoja mstaafu akakumbusha kwamba tukianza kuvunja mstari kwa ajili ya nywele, kesho watakuja wenye kucha.

Tonton akaniinamia kwa heshima. "Mama, inaunguza?"

"Inaunguza."

"Bon. Watu wamesikia. Inaunguza."

Nikapita kwa mikono sita dhidi ya minne. Pakiti ilitaka dakika kumi na tano. Demokrasia ilichukua karibu arobaini.

Jioni, nywele zikiwa bado mbichi, nilishika unywele mmoja wa mbele nikauvuta. Ni mkono wa ufundi tu, mkono wa lastiki, sikukusudia. Ukaja. Ukaendelea kuja. Ulitoka dole gumba mpaka katikati ya kiganja cha pili bila kupinga, na nilipouachia haukurudi. Ulibaki pale umelegea, mrefu, hauna haraka, kama mgeni aliyekwisha kula. Nikachukua wa pili, mambo ni yale yale. Muuzaji wa lastiki angeniletea bidhaa ya namna ile ningemwitia watu.

Kesho yake nikafunga kitambaa, nikapanda toleka mpaka kwa mama mukubwa, kule Kabondo, nikitumaini kwamba macho yake yamezeeka.

Mama mukubwa hasuki kichwa kabla ya kukipima. Anachovya kidole katika kikombe cha maji, analowesha unywele mmoja wa mbele, anauvuta polepole kati ya vidole viwili huku amefumba macho, kama mtu anayesikiliza redio mbaya. Kisha wa utosini. Kisha wa kisogoni.

"Umeweka dawa mara ngapi?" akauliza baada ya wa kwanza.

"Mara moja, mama."

Akavuta wa utosini.

"Mara mbili," nikasema.

Akavuta wa kisogoni, nami nikamweleza na habari za bomba, na za mkutano, na za wenye kucha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaukausha ule mkono wake kwenye kikwembe alichojifunga, polepole, kidole baada ya kidole.

"Hizi si nywele tena. Iko shikileti ya kutafuna. Mi siwezi kufunga uzi juu ya shikileti, uzi utateleza, utakatika mbele ya watu." Akaongeza kwamba hali ikibaki hivyo, binti wa shangazi yetu, yule wa Bangboka, ndiye atakayekaa kwenye uzi na mdogo wangu.

Huyo wa Bangboka anafanya kazi uwanja wa ndege. Nywele zake ni kama kamba ya kufungia baleinière, ile mashua kubwa ya mtoni, hajawahi kuzifanya kitu chochote, na hilo ndilo analolisema kila anaposifiwa: mimi, sifanyi kitu chochote. Nimemjua tangu utoto na sijawahi kumwona akikosea mbele ya watu.

Mama mukubwa alikuwa anakwenda msibani Banalia, wiki mbili. Aliniambia nisiweke chochote kichwani mpaka arudi. Nakiri kwamba nilisikia neno la mwisho tu, arudi, nikapiga hesabu kwamba wiki mbili ni muda wa kutosha wa kumshangaza.

Hapo ndipo diplôme ilipoingia kazini. Nilikaa barazani nikafikiri kisayansi. Nywele ni protini. Dawa imekula protini. Basi nywele zina njaa ya protini. Kwa mtu wa asilimia hamsini na moja huo ulikuwa mwendo mzuri wa akili, na mpaka leo naona hauna kasoro, ila ulisimama mapema. Kundi la simu likaniunga mkono kwa mikono yote. Nikaanza na mayai matatu.

Nilikaa nayo kichwani saa nzima. Halafu, kwa kuwa ilikuwa asubuhi ya mawingu na mimi nachukia maji baridi, nikachemsha maji kwenye babula, jiko letu la makaa, nikainama, nikamimina.

Mayai yanajua kitu kimoja tu cha kufanya yakikutana na maji ya moto. Nilihisi yakishika, kidogo kidogo, kuanzia kisogoni. Nilipoinua kichwa nilikuwa nimebeba omuleti. Upande wa pili wa ua, tonton wa baiskeli, aliyekuwa anapita, akauliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kuingilia kwamba leo kwa jirani kunakaangwa nini, mbona harufu ni nzuri. Nikamwambia ni chakula cha mchana. Kuku walikula, kwa hiyo sikudanganya sana.

Mtu mwingine angeacha. Mimi nilibadilisha maji tu. Mayai kwa maji baridi, siku mbili baadaye maziwa ya unga, siku mbili tena supu ya mifupa iliyopoa, ambayo ilinipatia urafiki wa mbwa wote wa avenue. Na ajabu ni kwamba zilianza kukaza. Ile hali ya shikileti ikaondoka. Nywele zikasimama wima, ngumu, zenye heshima. Nilizigusa nikasikia zikilia kama mabua makavu. Nikatuma picha kwenye kundi, nikapongezwa na watu wa mikoa minne.

Mama mukubwa akarudi kutoka Banalia. Nikaketi mbele yake na kichwa kimeinuka. Akachovya kidole, akalowesha unywele wa mbele, akafumba macho, akavuta.

Ta.

Hata haukuvutika. Ulikatika kama makaroni makavu. Akachukua wa utosini: ta. Hakujisumbua na kisogo. Alinionyesha vile vipande viwili kwenye kiganja, kisha akaniuliza habari za kazi yangu, nikadhani amekata tamaa anabadilisha mazungumzo.

"We unashona kaptura. Lastiki ikilegea, unaifanya nini?"

"Naitoa, naweka mpya."

"Na ikikauka mpaka inakatika?"

"Naitoa, naweka mpya."

"Bon. Na kichwani utatoa nini?"

Hapo biochimie ilifika mwisho wa asilimia zake. Siku ile, kwenye kiti chake kifupi, nilielewa jambo ambalo nimekuwa nikilishika mikononi kwa miaka ishirini. Lastiki nzuri ina vitu viwili ndani yake: nyuzi zinazoishikilia na mpira unaoiachia. Nyuzi zikiisha, inavutika na haina nyumba ya kurudi. Mpira ukikauka, haiendi popote, inavunjika pale pale ilipo. Unywele nao ni hivyo. Protini ni zile nyuzi, na unyevu ndio ule mpira. Dawa ilinivunjia nyuzi nikawa shikileti. Mimi, badala ya kutengeneza kidogo na kupumzika, nikajaza nyuzi juu ya nyuzi, nikazuia maji yasipite, nikawa makaroni. Na jambo baya zaidi ni lile alilolisema huku anatafuta mkasi: unywele ukishatoka kichwani hauponi tena kama kidonda. Unaweza kuushikilia usianguke mpaka mwingine uje. Zaidi ya hapo ni maneno ya kwenye chupa.

Alikata. Aliacha urefu wa kidole, kile kipande cha karibu na ngozi ambacho kilikuwa bado kinashikika. Nacho kilikuwa kigonjwa, ila mgonjwa wa kukaa kitandani, si wa kulia juu yake. Zilizoanguka chini nilizifagia mwenyewe. Zililia kwenye fagio.

Zilibaki wiki nne, na masharti yake yalikuwa mepesi mpaka nikaona aibu. Maji ya mvua, ya baridi. Mara mbili kwa wiki, utelezi wa dongodongo, ile bamia tunayokula na samaki, uliochemshwa na kuchujwa kwa kitambaa, ndio unaolainisha. Tone la mafuta meusi ya mbegu za mawese kwenye ncha, tone, si kikombe. Yai moja, mara moja tu, wiki ya tatu, na akanitazama vizuri alipotaja maji ya kusuuzia. Hakuna chanuo, vidole tu. Kulala juu ya kitambaa cha bitana, kile laini ninachowekea ndani ya makoti, ili mto usizikwangue. Na kati ya siku na siku, nisifanye kitu.

Hilo la mwisho alilirudia mara tatu.

Hebu fikiria: maisha yangu yote watu wamenilaumu kwa kutofanya kitu. Walimu, shangazi, padre, hata kijana mmoja aliyewahi kunichumbia akachoka kuningoja nitoke nje. Sasa kwa mara ya kwanza kipaji changu kilikuwa kinahitajika, na kumbe kilikuwa kigumu. Mkono ulipanda kichwani wenyewe. Nilikuwa nashona kaptura na vidole vinataka kwenda kuvuta, kuona kama zimeanza kurudi. Nilitoka kwenye kundi la simu. Nilijifunga kitambaa kwa fundo ambalo lilihitaji mikono miwili na uvumilivu kulifungua. Dongodongo nililolichemsha kupita zile mara mbili za wiki, nililila.

Wiki ya pili mdogo wangu alikuja kuleta kitambaa cha arusi nikikate. Akaniomba nifungue kichwa. Nikafungua. Alitazama, akauma mdomo kwa ndani. Namjua, ni kicheko alichokuwa anakirudisha. Mimi nikaanza hotuba niliyokuwa nimeiandaa. Nikamwambia yule wa Bangboka atapendeza zaidi kwenye picha. Nikamwambia wakwe wanatoka mbali, wanakuja kwa mashua kutoka Isangi, si vizuri kuwaonyesha kichwa cha kuku aliyenyeshewa. Nikasema mimi nitakaa jikoni, mtu lazima akae jikoni. Nilisema kwa busara nyingi, na ndani ya busara yote ile mlikuwa na woga mtupu wa kusimama mbele ya watu.

Aliningoja nimalize.

"Yaya," akasema, maana ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu hapa, "miaka yote nilienda shule na ile mistari yako. Watoto walikuwa wanacheka. Nilikwambia kitu?"

"Hapana."

"Nilifumua ata siku moja?"

"Hapana."

"Donc utakaa pale."

Akakunja kitambaa cha arusi, akaniwekea mapajani, akaenda zake. Usiku huo sikugusa kichwa hata mara moja. Sijui kama kulikuwa na uhusiano wa kisayansi.

Siku ya kusukwa tulikuwa kwa mama mukubwa tangu asubuhi. Wa Bangboka naye alikuwepo. Alikaa karibu na mlango, nywele amezifungua zote, zimeoshwa na kupakwa mafuta, na alieleza bila kuulizwa kwamba ni bahati tu, alikuwa ameziosha kwa ajili ya mambo mengine. Kila timu ina mchezaji wa akiba.

Mama mukubwa akachovya kidole. Mdogo wangu alikuwa amekaa kando yangu kwenye mkeka, ananishika kikwembe, si mkono. Unywele wa mbele ukaloweshwa. Ukavutwa. Nilihisi ukienda, kidogo, ukasimama. Mama mukubwa akaulegeza. Kwa muda hakuna kitu kilichotokea. Kisha nao ukaanza kujikunja, polepole, kama mtu anayerudi kazini Jumatatu.

"Inanung'unika," mama mukubwa akasema, macho bado yamefumbwa. "Lakini inarudi."

Akaufungua uzi.

Kusuka kwa uzi nywele za urefu wa kidole ni kama kufunga mizigo midogo sana kwa kamba ndefu sana. Kila kifungu alikizungushia kutoka shina mpaka ncha, si kwa kukaza kama anavyofanya siku zote, akiacha nafasi ya kupumua, na kila kimoja kikasimama peke yake. Alipofika karibu na sikio la kushoto, pale dawa ilipokaa zaidi, nikasikia ta. Kila mtu alisikia. Wa Bangboka aliinuka nusu. Mama mukubwa aliutazama uzi: mzima. Nywele ndizo zilizokatika, kifungu kizima, na kimebaki kiraka cha ngozi cha ukubwa wa kifungo cha shati. Aliviweka vile vipande mapajani mwake, akaruka pale, akaendelea na kifungu kilichofuata. Wa Bangboka akakaa.

Alipomaliza kwangu, akauvuta uzi, mrefu, mweusi, bila mkasi, akaupeleka kwa mdogo wangu. Tulikaa hivyo mpaka jua likahama ukutani, yeye akisukwa na mimi nimefungwa naye. Kila nilipopiga chafya alilalamika. Nilipiga mara nyingi kuliko mafua niliyokuwa nayo.

Kioo nilikiona jioni. Nilikuwa na vijiti vyeusi vishirini na kitu, vimesimama kila upande, kama nyumba yenye antena nyingi na televisheni haina. Mdogo wangu, kwa uzi ule ule na mkono ule ule, alikuwa kama malkia.

Kesho yake wakwe walikuwa wamepangwa chini ya turubai kwenye lupango yetu, na mbele kabisa aliketi nyanya wa bwana arusi, bibi wa mto, mfupi, mwenye fimbo, ambaye inasemekana ameuza samaki Isangi kabla watu wote tunaowajua hawajazaliwa. Nikatolewa. Hatua kutoka mlangoni mpaka kwake zilikuwa kumi na mbili. Nilizihesabu, ni umbali ninaoujua. Watu wakaweka viganja midomoni. Nilisimama, kichwa wazi, na nyuma ya pazia nilijua mdogo wangu anachungulia.

Bibi alinitazama kuanzia kijiti cha kwanza mpaka cha mwisho. Alifika kwenye kile kiraka cha sikioni akakiwekea ncha ya kidole.

"Na hapa?"

"Hapo inakuja, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha, bila kuomba ruhusa, kama mimi nifanyavyo sokoni, akashika kijiti kimoja cha mbele kwa vidole viwili vya samaki, akakivuta kuelekea kwake mpaka nikainama, akakitazama, akaachia. Kijiti kikarudi. Kikapita mahali pake, kikanigonga kwenye paji la uso, kikarudi tena, kikabaki kikitetemeka.

"Malamu," akasema bibi, yaani ni nzuri, akijiegemeza kwenye kiti chake. "Mulete mutoto sasa."

Pazia likafunguka nyuma yangu. Mimi nikasogea pembeni, kijiti bado kinacheza juu ya jicho, nikatafuta kiti.